Kabla Yai Halijatagwa: Mgawanyiko wa Seli katika Kiinitete cha Ndege na Mafunzo Yake kwa Mama Mjamzito

Katika Mkoa wa Simiyu, kuanzia Bariadi mjini hadi vijiji vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni vigumu kupita uani kwa watu usikute kuku. Pamba na ng'ombe ndivyo vinavyotajwa sana unapozungumziwa uchumi wa mkoa huu, lakini kuku ndiye anayenunua daftari la mtoto, chumvi ya wiki na nauli ya kwenda kliniki. Aghalabu huyo kuku ni mali ya mama. Tetea anapoanza kutaga, mama huyahesabu mayai yake kwa siku, akisubiri yafike 10 au 15 ili kuku aatamie, na baada ya siku 21 huhesabu tena: vimeanguliwa vifaranga wangapi, na yamebaki mayai viza mangapi.

Watu wengi hudhani kwamba maisha ya kifaranga huanza siku kuku anapoatamia. Sayansi ya viinitete inaonesha vinginevyo. Yai lenye mbegu linapodondoka kiotani likiwa bado na joto la mwili wa kuku, kazi ya kuumbwa kifaranga imekwisha kuendelea kwa takriban saa 20. Ndani ya ganda hilo mna seli kati ya 40,000 na 60,000, zote zikiwa zimetokana na seli moja. Kile kinachotokea katika saa hizo, na namna seli zinavyogawanyika kwa mpangilio usiobadilika, kina mambo mawili ya kumfundisha mkazi wa Simiyu. La kwanza linahusu mayai viza. La pili ni zito zaidi: linahusu watoto wanaozaliwa na mgongo wazi.

Doa jeupe juu ya kiini

Lugha yetu huita sehemu ya njano ya yai "kiini", na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba kifaranga hutokana na ile njano. Si hivyo. Njano ni chakula. Mwenye kutaka kumwona kifaranga katika hatua yake ya kwanza na avunje yai polepole katika sahani nyeupe, kisha atazame juu ya njano. Ataona doa dogo jeupe lenye upana wa milimita 3 hadi 4. Doa hilo ndilo kifaranga, au ndilo ambalo lingekuwa kifaranga. Katika yai lisilo na mbegu, doa huwa dogo, zito, na kingo zake hazina umbo maalumu. Katika yai lenye mbegu huwa pana zaidi, la mviringo, na lina duara jeupe lililozunguka sehemu angavu ya katikati.

Kabla ya kurutubishwa, njano yote pamoja na doa lake ni seli moja tu, miongoni mwa seli kubwa kabisa katika ulimwengu wa wanyama. Lakini uhai wa seli hiyo, yaani nukliasi na sehemu kubwa ya majimaji hai yanayoizunguka, umesukumwa juu na kukusanywa katika kisahani hicho kidogo. Njano iliyobaki chini ni akiba ya mafuta na protini.

Mpangilio huo ndio unaoamua jinsi ndege anavyoanza kugawanya seli zake. Yai la chura lina njano kiasi, kwa hiyo mgawanyiko hulipasua lote. Yai la binadamu halina akiba kubwa, nalo hugawanyika lote. Yai la ndege limejaa njano nzito ambayo mkato wa seli hauwezi kuipasua, kwa hiyo kinachogawanyika ni kisahani peke yake. Ndivyo ilivyo kwa kuku, kanga, njiwa na mbuni, na ndivyo ilivyo pia kwa samaki kama sato na sangara wanaovuliwa Ziwa Victoria upande wa Busega.

Safari ndani ya mrija wa mayai

Yai likishaachiliwa na ovari hupokewa na mdomo wa mrija wa mayai ulio kama faneli. Hapo ndipo linapokutana na mbegu za jogoo, na muda wa kukutana ni mfupi, kama robo saa, kwa kuwa baada ya hapo ute huanza kulifunika. Mbegu hizo si lazima ziwe za siku ile. Kuku ana vijifuko vidogo karibu na mwisho wa mrija wake ambamo mbegu huhifadhiwa zikiwa hai kwa wiki mbili au zaidi. Ndiyo sababu tetea aliyetenganishwa na jogoo huendelea kwa siku kadhaa kutaga mayai yenye uwezo wa kuanguliwa.

Kuna tofauti nyingine kati ya ndege na binadamu. Kwa binadamu, mbegu moja ikishaingia, yai hujifunga. Zikiingia mbili, mimba haiwezi kukua ipasavyo, na karibu kila mara huharibika. Kwa ndege, mbegu kadhaa huingia katika kisahani kwa kawaida bila madhara. Nukliasi ya mbegu moja tu ndiyo inayoungana na ya yai, na zile nyingine husukumwa pembezoni na kusambaratika.

Baada ya kurutubishwa, yai hukaa takriban saa 3 katika sehemu ya mrija inayotengeneza ute, kisha saa moja na zaidi kidogo katika sehemu nyembamba inayolivisha ngozi mbili laini, na mwisho huingia katika tezi ya ganda na kukaa humo takriban saa 20. Safari yote huchukua siku moja na saa moja au mbili. Mgawanyiko wa kwanza wa seli hutokea takriban saa 5 baada ya yai kuachiliwa, ganda likiwa halijaanza kujengwa.

Mikato inavyopangika

Mkato wa kwanza huonekana kama mfereji mfupi katikati ya kisahani. Haufiki ukingoni wala chini kabisa. Mkato wa pili huukata ule wa kwanza kwa pembe mraba, na kisahani hupata alama ya msalaba. Katika duru ya tatu mikato miwili hupita sambamba na ule wa kwanza, kila mmoja upande wake. Duru ya nne huja kwa umbo tofauti: mikato yake huzunguka kama duara na kutenga seli 8 za kati na seli 8 za pembezoni.

Seli za hatua hii si seli kamili kwa maana tuliyoizoea. Zile za kati zinafanana na vyumba vyenye kuta lakini havina sakafu, kwa sababu upande wa chini bado ziko wazi kwa njano. Zile za pembezoni hazina sakafu wala ukuta wa nje. Ni baadaye tu mikato ya mlalo inapopita chini ya seli za kati na kuzifunga. Mikato hiyo ya mlalo ndiyo inayobadilisha kisahani kutoka tabaka moja kuwa rundo lenye unene wa seli tano au sita, na chini ya rundo hilo hujitokeza nafasi yenye majimaji inayolitenga na njano.

Katika muda huu wote kisahani hakikui sana. Kinachoongezeka ni idadi: seli hugawanyika na kuwa ndogo zaidi na zaidi, zikitegemea vifaa ambavyo mama aliviweka ndani ya yai kabla hajalitaga. Kutoka seli moja hadi 65,536 huhitajika duru 16 za kugawanyika maradufu. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika ndani ya saa 20 hivi, kila duru huchukua kwa wastani saa moja na robo, na zile za mwanzo huenda kasi zaidi. Kiinitete cha binadamu ni cha pole kwa kulinganisha: huhitaji takriban siku nzima kwa mgawanyiko wa kwanza, na siku ya tano kina seli mia moja hadi mia mbili hivi.

Mpangilio wa mikato katika yai la njiwa na la kuku ulichorwa kwa makini mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi iliyoweka utaratibu wa hatua hizi ilichapishwa mwaka 1976 na Hefzibah Eyal-Giladi na Kochav wa Jerusalem, waliozigawa katika hatua 14 zinazoandikwa kwa namba za Kirumi. Yai linalotagwa kwa kawaida huwa katika hatua ya X. Hatua zinazofuata, hadi kifaranga anapoanguliwa, ziligawanywa mara 46 na Viktor Hamburger na Howard Hamilton mwaka 1951, na maabara nyingi duniani hutumia mgawanyo huo hadi leo.

Kutoka rundo hadi utando wenye mbele na nyuma

Saa za mwisho kabla ya kutagwa, rundo la seli hupunguzwa unene. Seli za chini katikati hujitenga na kudondoka katika ile nafasi yenye majimaji, hadi sehemu ya kati ibaki utando mwembamba, angavu, wenye tabaka moja. Pembezoni seli hubaki nzito na zimeshikamana na njano. Ndiyo maana doa la yai lenye mbegu huonekana kama pete. Mwili wa kifaranga wote utatokana na sehemu angavu, ilhali pete ya nje itasaidia kumeng'enya na kusafirisha chakula.

Upunguzaji huo hauanzi kila mahali kwa pamoja. Huanza upande mmoja na kusonga kuelekea wa pili, na upande unaoanza ndio utakaokuwa mkia. Je, kisahani cha mviringo hujuaje upande wa mkia? Jibu ni mvutano wa dunia. Yai likiwa katika tezi ya ganda huzungushwa polepole, mara 10 hadi 15 kwa saa. Mzunguko huo hukiinamisha kisahani, na upande wake unaobaki juu ndio unaokuwa nyuma. Karl Ernst von Baer aligundua mwaka 1828 kwamba yai likilazwa ncha yake butu ikiwa kushoto kwa mtazamaji, kifaranga ndani yake mara nyingi huwa amelala kwa kukingama, kichwa kikielekea mbali na mtazamaji. Mwelekeo huo umeamuliwa kabla yai halijaonekana na mtu.

Hata hivyo seli hizo bado hazijafungwa kwenye kazi zake. Katika majaribio, utando wa yai jipya ukikatwa vipande, kipande kimoja chaweza kuunda kiinitete kizima, na utando mmoja ukatoa viinitete viwili au zaidi. Jambo hilohilo, likitokea lenyewe kwa binadamu katika wiki mbili za kwanza, huleta mapacha wanaofanana. Likichelewa mno, mgawanyiko hauwi kamili na watoto huzaliwa wameungana. Yai la kuku lenye viini viwili vya njano ni habari nyingine: hayo ni mayai mawili yaliyofungwa katika ganda moja.

Yai lililolala na joto la Simiyu

Yai likishatagwa hupoa, na mgawanyiko wa seli husimama. Kiinitete hakijafa, kimelala. Usingizi huo una faida kubwa. Kuku anayetaga yai moja kwa siku kwa wiki mbili anahitaji vifaranga wake waanguliwe siku moja, la sivyo atawaacha wachanga na kuwafuata waliotangulia. Kwa kuwa kila yai hulala hadi kuatamia kunapoanza, yai la siku ya kwanza na la siku ya kumi huamka pamoja.

Kinachosababisha usingizi huo ni ubaridi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wanasayansi wamekadiria kwamba chini ya takriban nyuzijoto 20 hadi 21 za Selsiasi kiinitete cha kuku hakiendelei. Joto la kuatamia ni nyuzi 37 na nusu hivi. Kati ya viwango hivyo viwili kuna eneo la hatari, kwa sababu humo seli hazilali wala haziendi sawasawa. Baadhi hugawanyika, nyingine husuasua, na mpangilio wa tabaka huvurugika. Kiinitete hudhoofika na kufa katika siku za mwanzo za kuatamiwa.

Mchana wa Bariadi, hasa ndani ya chumba kilichoezekwa bati, huzidi kwa mbali nyuzi 21. Yai lililowekwa juu ya kabati au kwenye trei karibu na dirisha kwa wiki mbili liko katika eneo hilo la hatari kila siku, kutwa. Hapa pana kosa ambalo limewapotosha wafugaji wengi. Mayai yanapomulikwa kwa tochi siku ya saba, lile ambalo kiinitete chake kilikufa mapema huonekana jeupe bila mishipa ya damu, sawa na lisilo na mbegu. Mfugaji humlaumu jogoo, humuuza au kumchinja na kutafuta mwingine, na duru inayofuata viza ni vilevile. Jogoo hakuwa na kosa, ila mayai yalikuwa yameamshwa kabla ya wakati wake.

Kwa mwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga, na hata kwa anayemtegemea kuku, ushauri unaotokana na sayansi hii ni mwepesi. Mayai ya kuatamiwa yaokotwe mara kadhaa kwa siku, yasibaki kiotani chini ya jua wala chini ya kuku wengine. Yahifadhiwe mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani: sakafuni katika chumba chenye kivuli na hewa, au katika chungu kilichowekwa juu ya mchanga wenye unyevu. Kiwango bora ni nyuzi 15 hadi 18, lakini kila nyuzi inayopunguzwa ina faida. Yasitiwe kwenye friji kali. Yakae ncha nyembamba ikiwa chini, na yasizidi siku 7 kabla ya kuanza kuatamiwa. Anayetilia shaka jogoo wake avunje mayai mapya mawili au matatu na kutazama doa. Akiona pete, jogoo ameitenda kazi yake.

Kutoka kisahani cha kuku hadi cha binadamu

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini hospitali zijishughulishe na kisahani cha kuku? Sababu ni kwamba binadamu, ingawa huanza kwa kugawanya yai lote, hufika mahali palepale. Katika wiki ya pili ya mimba, kiinitete cha binadamu huwa kisahani bapa kinachofanana mno na utando wa yai la kuku. Siku ya 15 hivi hutokea juu yake mstari wa awali, mahali ambapo seli huzama ndani na kuunda tabaka tatu zitakazotoa viungo vyote. Kwa kuku mstari huo huonekana saa 6 au 7 baada ya kuanza kuatamiwa. Tabaka hizo tatu zilielezwa kwa mara ya kwanza na Christian Pander mwaka 1817 katika yai la kuku, na ni tabaka zilezile zilizo katika mwili wa kila mtu.

Hatua hizi haziwezi kutazamwa ndani ya tumbo la mama, na katika nchi nyingi utafiti wa viinitete vya binadamu maabara umewekewa ukomo wa siku 14, kwa kufuata pendekezo la kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Mary Warnock mwaka 1984. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile madaktari wanachokijua kuhusu wiki ya tatu na ya nne ya maisha ya binadamu kimetoka kwenye yai la kuku, ambalo laweza kufunguliwa kidirisha na kutazamwa likiendelea kukua.

Katika siku ya pili ya kuatamiwa, tabaka la juu la kisahani cha kuku hujikunja pande mbili na kukutana katikati, likawa mrija. Huo ndio mrija wa neva: mbele utakuwa ubongo, nyuma utakuwa uti wa mgongo. Kwa binadamu mrija huu hukamilika kufungwa siku ya 28 hivi baada ya kutungwa mimba. Usipofungwa upande wa nyuma, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kikubwa kilichojaa maji. Usipofungwa upande wa mbele, fuvu na ubongo havikamiliki, na mtoto haishi. Watoto wenye mgongo wazi kutoka Simiyu na mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Upasuaji huokoa maisha, lakini haurudishi neva zilizoharibika. Wengi hubaki na udhaifu wa miguu na hushindwa kuuzuia mkojo maisha yao yote.

Mgawanyiko unahitaji foliki asidi

Kila seli inapogawanyika lazima kwanza inakili vinasaba vyake vyote. Kazi hiyo inahitaji kirutubishi kiitwacho foliki asidi, kilicho katika kundi la vitamini B. Kuku huiweka ndani ya njano mapema, kisahani kikaikuta tayari. Mtoto wa binadamu hana akiba ya namna hiyo. Huitegemea damu ya mama kila siku, na huihitaji kwa wingi wakati ule ule seli zinapogawanyika kwa kasi na mrija wa neva unapofungwa.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1991, utafiti mkubwa ulioratibiwa kutoka Uingereza ulipoonesha kwamba wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, wakimeza foliki asidi kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, hatari ya kulirudia ilipungua kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapopanga kupata mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto wa aina hiyo huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Hapa hesabu ya siku ina uzito wake. Mwanamke huona hedhi imechelewa takriban siku 14 baada ya mimba kutungwa. Zimebaki siku 14 nyingine mrija ufungwe. Wanawake wengi nchini hufika kliniki ya wajawazito miezi kadhaa baadaye. Vidonge wanavyopewa hapo vya madini chuma na foliki asidi vinafaa kwa damu ya mama na ukuaji wa mtoto, lakini kwa mrija wa neva mlango umekwisha kufungwa, au kukosa kufungwa.

Yanayowezekana nyumbani

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka msingi wa viwanda vikubwa nchini kuongeza virutubishi, foliki asidi ikiwamo, katika unga wa ngano na wa mahindi. Lakini familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini hailipati ongezeko hilo. Kwa familia hiyo chakula cha shambani kina nafasi kubwa. Simiyu hulima choroko na dengu, na nyingi huuzwa nje ya mkoa. Kikombe kimoja cha choroko zilizopikwa kina takriban mikrogramu 300 za foliki asidi ya asili, na dengu hukaribia kiasi hicho. Mboga za majani nazo zinayo, ila kuzichemsha muda mrefu na kumwaga maji hupoteza sehemu kubwa. Vyakula hivyo havichukui nafasi ya kidonge, bali hukisaidia.

Lipo pia yai lenyewe. Katika jamii nyingi nchini wajawazito hukatazwa kula mayai kwa madai kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, au atakuwa mkubwa mno azuie njia. Hakuna ushahidi wa madai hayo. Yai lililoiva vizuri lina protini kamili, foliki asidi kiasi, na kirutubishi kiitwacho kolini, ambacho pia husaidia ujenzi wa ubongo wa mtoto. Kumnyima mama yai ambalo kuku wake ametaga ni kumnyima mtoto sehemu ya haki yake.

Dawa nazo zahitaji uangalifu. Baadhi ya dawa hufanya kazi kwa kuzuia matumizi ya foliki asidi, na SP, inayotolewa kuwakinga wajawazito na malaria, ni mojawapo. Ndiyo maana haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, bali kuanzia wiki ya 13, na ndiyo maana anayepewa SP hapaswi kumeza wakati huohuo kidonge kikubwa cha foliki asidi cha miligramu 5, kwani kitaidhoofisha dawa. Kidonge cha kawaida cha kliniki hakina tatizo hilo. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti nayo huongeza hatari ya mgongo wazi. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla, bali amwone daktari kabla ya kupanga mimba.

Kwa hiyo ushauri wa foliki asidi haupaswi kusubiri mlango wa kliniki ya wajawazito. Mahali pake ni pale mwanamke anapofuata uzazi wa mpango, anapompeleka mtoto wake mkubwa kupata chanjo, anapotembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na shuleni kwa wasichana waliofikia umri. Mume naye ana sehemu yake, kwa kuwa katika nyumba nyingi ndiye anayeamua gunia la choroko liuzwe lote au libakizwe debe moja.

Mama wa Bariadi anayejua kwamba mayai ya kuatamiwa yanahitaji ubaridi siku saba kabla kuku hajayakalia ameshaielewa kanuni yenyewe: kiumbe huandaliwa kabla hakijaonekana. Kanuni hiyohiyo inamhusu yeye na mtoto atakayemzaa. Anayetarajia kushika mimba mwaka huu aanze kidonge chake sasa, hedhi ikiwa bado inakuja kwa wakati wake.